Usalama wa dunia usomwe na Kongwa pia

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu swali ninaloulizwa kila kukicha katika ofisi ya walimu: mwalimu wa Historia wa sekondari ya kata, hapa Kongwa, anasoma shahada ya umahiri ya usalama wa dunia ili iweje? Wapo wanaoamini nimeingia usalama wa taifa. Mwenzetu mmoja siku hizi hushusha sauti nikipita karibu.

Nasoma kwa mtandao, chuo cha Marekani. Seminari yao ya saa kumi na mbili jioni inanikuta saa saba usiku, na Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa nane. Uani kwetu mtandao unashika vizuri upande wa bafuni tu, basi nakaa hapo na kigoda, simu nimeiegemeza kwenye ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Zamu yangu ya kuzungumza ikifika nazima video ili sauti isikwame. Bando likiisha katikati ya hoja, hoja ndiyo imeishia hapo.

Nusu ya ada nimefadhiliwa, nusu inatoka kwenye alizeti yetu ya Mlali. Na jibu la wanaouliza limo humo humo shambani. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, iliivamia nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Bei ikapanda, tukauza vizuri, nami nikapata ujasiri wa kuomba chuo. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, wakulima wa Dodoma na Singida wakalalamikia mafuta ya nje kuingia kwa wingi. Mbolea nayo ilikuwa imeshapaa hadi Serikali ikaanza kutoa ruzuku. Anayeniambia somo hili ni la wanajeshi, namuuliza gunia la alizeti aliliuza shilingi ngapi 2022, na ngapi 2023. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilishasema tangu 1994 kwamba usalama ni pamoja na chakula, kipato na afya ya mtu wa kawaida. Na Mei 2024, nyaya za intaneti zilipokatika chini ya bahari, hata wakala wa miamala ya simu alielewa somo bila kusoma.

Kinachonikera ni mtaala wenyewe. Afrika imo, lakini imo kama mgonjwa: maharamia wa Somalia, Boko Haram, Saheli. Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kongo mwaka 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi na kamanda Mtanzania, imepewa aya moja. Kongwa haimo kabisa.

Basi niliandika insha juu ya Kongwa. Nikaeleza jinsi kuanzia 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, na baadaye ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola, walivyoweka kambi hapa, jirani na stesheni iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Nikaeleza Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyokuwa na makao Dar es Salaam, na hatari ambayo nchi changa na maskini ilikubali kujibebesha kwa kuwahifadhi watu wanaosakwa na majeshi yenye ndege. Mwanafunzi mwenzangu akauliza kama hizo zilikuwa kambi za magaidi. Serikali ya makaburu ingempa alama zote. Nilimjibu kwa dakika kumi hivi, usiku ule bando lilinisitiri.

Ninachoomba ni hiki. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kule Kunduchi kinawanoa maafisa waandamizi, na ni sawa, lakini mwalimu wa Mpwapwa au karani wa Mtumba haendi huko. Chuo Kikuu Huria kimefundisha watu walioko mbali tangu miaka ya tisini, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kiko hapa mkoani. Vikae pamoja viandae shahada ya umahiri ya usalama wa dunia kwa njia ya mtandao, kwa watu wenye kazi zao, kwa ada inayolipika kwa mshahara wa hapa. Kongwa iwe mada kamili, na Kigoma na wakimbizi wake, na Mtwara na mpaka wa Cabo Delgado ya Msumbiji. Kiswahili kiruhusiwe katika mijadala. Seminari zianze saa mbili na nusu usiku, watu wameshakula.

Mhadhiri atakayetaka kuyaona majengo na makaburi ya wapigania uhuru kabla ya kuandika muhtasari, Jumamosi huwa sina vipindi. Nitampeleka mwenyewe.

Mwalimu wa Historia,
Kongwa, Dodoma