Kabla Land Rover ya babu haijaenda kwenye mizani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kwamba mjomba amepata mnunuzi wa chuma chakavu ulinikuta kazini, usiku wa Ijumaa Kuu. Sikujibu, maana nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu aliye mbali huumiza tu waliobaki nyumbani. Leo ni Jumatatu ya Pasaka. Nimeshalala vya kutosha, na jana nimeona jambo ambalo nataka ulisikie kabla lori la huyo mnunuzi halijafika kwa bibi.

Nilipotoka ibadani nilipitia Forest Park. Hapa St. Louis, Marekani, Jumapili ya Pasaka wenye magari ya kale huyaleta kwenye maegesho ya juu, karibu na Muny, lile jumba la michezo ya kuigiza lisilo na paa. Mtazamaji halipi hata senti. Nawe ungeipenda bustani yenyewe. Ndiko yalikofanyika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1904, na jengo moja la wakati ule bado lipo kileleni mwa mlima wa nyasi, sasa ni makumbusho ya sanaa. Majira haya kuna miti midogo inayochanua maua ya waridi kwenye matawi matupu, kabla haijatoa jani hata moja. Watu wanatembea na watoto wao, wengine bado na nguo za kanisani, na wenye magari wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya boneti zilizo wazi. Ukiuliza swali moja, unaelezwa hadi miguu inachoka.

Nilisimama kwanza kwenye Ford Model T. Pedali tatu, na hakuna hata moja ya mafuta! Mafuta yanatolewa kwa kijiti kwenye usukani, pedali ya katikati inarudisha gari nyuma. Babu yako angecheka sana.

Lakini gari lililonishika ni Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ya mwaka 1963, ya rangi ya fedha. Corvette 300 za kwanza ziliundwa Flint, Michigan, mwaka 1953, kisha kazi ikahamia hapa hapa St. Louis mpaka mwaka 1981. Kwa hiyo gari lile lilikuwa nyumbani kwao. Kioo chake cha nyuma kimegawanywa na utepe wa bodi katikati, na mtindo huo ulidumu mwaka mmoja tu. Madereva walilalamika kwamba utepe unawaziba wasione nyuma, na mwaka 1964 kiwanda kikaweka kioo kizima. Kuna waliokuwa na gari la 1963 wakaukata utepe ule wenyewe, wakatia kioo kipya ili gari lifanane na la kisasa. Leo wanunuzi wanautafuta utepe uleule kwa pesa nyingi. Mzee mwenye gari alinisimulia hayo mkono wake ukiwa juu ya paa, kama mtu aliyemshika ng'ombe wake.

Nikamwuliza bodi ni ya bati gani. Akasema si bati, ni fibaglasi, haijui kutu. Kisha akanipa tochi yake, akasema, "Sasa tazama chini." Nikapiga magoti na gauni langu la kanisani. Chini kuna fremu ya chuma, na chuma kinaliwa. Alisema watu hudanganywa na bodi inayong'aa kumbe mifupa imeoza, na wengine huitupa gari yenye mifupa mizima kwa sababu bodi imechakaa.

Hapo nikaikumbuka Land Rover yetu, mwanangu, nikakaa kimya mpaka mzee akaniuliza kama naumwa.

Ile ni 109, yaani ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli, toleo la Series III. Bodi yake ni aluminiamu. Mjomba anaiona imebonyea, rangi imetoka, kuku wanatagia ndani, anasema ni mkweche. Kubonyea si kuoza. Mnunuzi ataipima kwa kilo, na kwenye mizani gari zima na gari bovu ni sawa. Cha kuuliza ni hali ya chesisi, yaani ile fremu ya chuma ya chini, na hakuna aliyelala chini yake kuitazama tangu babu afariki. Usiku mmoja wa mwaka 1979 Land Rover hiyo ilimteremsha bibi hadi hospitali Moshi mjini, njia yote tope, mimi nyuma nimeshika kikapu cha nguo. Aliyezaliwa alfajiri ile ni huyo huyo mjomba wako.

Basi nisikilize. Masika imeanza huko na gari limekaa kwenye udongo. Chukua jeki, liinue, weka mawe imara chini ya ekseli, na usiingie chini likiwa linategemea jeki peke yake. Toa betri. Chukua nyundo ndogo uigonge chesisi kuanzia mbele, taratibu. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinatoa mlio wa debe lenye mchanga. Kaa zaidi kwenye boriti ya nyuma kabisa, inayoshika ndoano ya kuvutia, na mahali springi zinapofungwa, maana tope hujificha huko. Ukikuta tundu, lizungushie chaki. Tundu linachomelewa.

Usijaribu kuiwasha. Toa plagi zote nne, tia oili kidogo kila tundu, iache siku mbili, kisha izungushe injini kwa hendeli ya mkono, polepole. Ikigoma, iache, ongeza oili. Petroli ya zamani imwage yote.

Mwambie mjomba kwamba dada yake anamwomba asubiri, na bei yoyote aliyoahidiwa nitaituma mimi mwisho wa mwezi. Nifikishie shikamoo yangu kwa bibi, na umwombe ufunguo. Najua anauweka kwenye kopo la chai.

Alhamisi sina zamu. Nitapiga saa kumi jioni ya huko. Uwe chini ya gari, simu uiweke kwenye spika karibu na boriti ya nyuma, na ugonge. Nataka kusikia mwenyewe.

Mama yako