Kwa mpwa wangu anayetaka kuuza shanga za karatasi

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwa wote hapo nyumbani. Usipeleke mikufu yako sokoni kabla hujasoma haya. Kampala shanga za karatasi ni nyingi, na akina mama wa Acholi Quarters kule Banda wamewazoesha wateja kazi safi.

Karatasi za kalenda zilizopitwa na wakati ndizo nzuri: nzito kiasi, zinang'aa, rangi haichuji. Zilizochapwa kwa printa ya wino wa maji achana nazo, gundi ikizigusa rangi inasambaa. Ukurasa wa A4 ukate pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, zikipishana kichwa na kitako. Utapata kama 20. Upana wa kitako ndio urefu wa ushanga, na urefu wa karatasi ndio unene wake.

Viringisha kuanzia kwenye kitako, juu ya sindano ya magunia, ukikaza. Ncha ibaki katikati. Ikienda pembeni hata milimita 2, ushanga unalalia upande mmoja, na kwenye mkufu kasoro hiyo haifichiki. Gundi paka mwishoni tu. Ukiianza mapema ushanga unang'ang'ania sindano.

Varnishi ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka. Gundi ina maji. Ukipaka varnishi kabla haijakauka, unyevu unafungiwa ndani na ushanga unapata ukungu mweupe usiotoka tena. Subiri siku nzima, na msimu wa mvua, Machi hadi Mei, subiri mbili. Kisha zitunge kwenye waya zisigusane, paka varnishi mara tatu, kila safari iache ikauke kabisa. Angalia zaidi midomo ya tundu: pale ukiacha pakavu, jasho la shingo linaingia na karatasi inaanza kufunguka kama kitunguu. Ushanga ukinatanata chini ya kidole au ukinuka varnishi, bado. Usiuuze, tafadhali.

Mkufu utunge kwa nailoni. Bangili ni ya mpira: pima kifundo cha mkono, kisha ongeza sentimita 2 hadi 2.5, maana shanga nene zinakula nafasi ya ndani. Uvute mpira mara kadhaa kabla ya kuufunga, la sivyo utalegea mkononi mwa mteja. Fundo liwe la kuzungusha mara mbili, utie tone la gundi, na likikauka lifiche ndani ya tundu la ushanga.

Shangazi yako