Picha ya nikaha wanayoitaka haipo

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita, iliyodai kwamba mgeni akioana na Mkenya basi amekwisha kupata ukaaji wa kudumu, imenishinda kuinyamazia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka ndoa hiyo iwe imetimiza miaka mitatu. Aliyeingia kwa kibali cha kazi naye awe amekuwa nacho miaka saba, na mitatu ya mwisho awe ameishi nchini mfululizo. Mwandishi wenu angeyaona hayo yote katika kifungu cha 37, lau angekifungua.

Mume wangu ni Mngazija, mtu wa Komoro. Tulipooana 1998, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kusajiliwa kuwa raia, ila mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki hiyo, ikabidi tuingoje Katiba ya 2010. Tulipokwenda hatimaye kuomba ukaaji, kijana wa dirishani, katika ofisi nisiyoitaja, alikisukuma kando cheti chenye muhuri wa kadhi, akataka picha yetu sote wawili siku ya nikaha. Nikamweleza kwamba kwetu bwana harusi hufungiwa ndoa msikitini, bibi harusi yuko ndani anafukizwa udi, na aliyetamka kuoza ni walii wangu, yaani msimamizi wangu wa ndoa, marehemu baba, kwa hivyo picha aitakayo haikuwahi kupigwa wala haingeweza kupigwa. Akaniuliza, mbele ya foleni nzima, kama kweli niliolewa, ilhali kifungua mimba wetu alikuwa amesimama ubavuni mwangu ameshika faili, na pua ni ile ile ya baba yake! Tulirudishwa mara tatu.

Na fomu tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, hali kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi; nilimfasiria mume wangu swali kwa swali, magotini, kwa kuwa meza haikuwapo.

Napendekeza kila afisa anayehamishiwa Pwani ahudhurie kwanza nikaha tatu, akae safu ya mbele, anywe kahawa na kula halua, kisha aandike ripoti, kwa Kiswahili, akieleza mabibi harusi wangapi aliwaona msikitini. Mwandishi wenu na afuatane naye.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa