Kuhusu Salum na gemu zake

Shoga yangu Mama Salum,

Salaam nyingi. Sisi huku Temeke wazima, joto tu ndilo linatuadhibu. Unauliza kama Salum anacheza gemu mno kwa sababu ya ule upole wake, na kama sasa umegeuka ugonjwa.

Unajua mdogo wangu ana banda la gemu, na jioni akienda kula mimi ndiye namshikia. Kuna kijana wa soka tu: kelele, madau ya soda, kudai marudiano. Akikosa wa kumfunga anaweka pedi chini na kuondoka, hata kama muda wake haujaisha. Anayekaa pembeni yake hucheza ile ya mji mzima uko wazi. Misheni hafanyi. Anaendesha gari polepole kandokando ya bahari, na taa ikiwa nyekundu anasimama! Wenzake hoi kwa kicheko.

Richard Bartle, Mwingereza aliyeshiriki kutengeneza mojawapo ya gemu za mwanzo za kuchezwa na watu wengi pamoja, pale Chuo Kikuu cha Essex, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni wa namna nne: wasaka pointi, wapekuzi wa kila kona ya gemu, wanaofuata watu na soga, na wanaostarehe kwa kuwasumbua wengine. Mgawanyo wenyewe mimi naona umebana mno, maana huyo wa soka nimeshamkuta siku ya mvua akizurura mjini peke yake. Ila kwa Salum wako, ningeanza na wapekuzi.

Kwa hiyo tabia inakuambia mtoto anafuata nini. Anacheza saa ngapi, hapo tabia inachangia kidogo tu. Kuna likizo, bando, umeme, na kama nyumbani kuna kingine cha kufanya.

Ugonjwa upo, sikufichi. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Ila wanatazama mtu aliyeshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, inamharibia na bado anaendelea, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Salum yuko likizo, anakula, anaswali, anamchokoza dada yake. Mwache apumue.

Keti naye akuonyeshe anachocheza, umtazame yeye zaidi ya skrini, halafu nipigie. Na ile kanga, mpe Baba Salum akija Ijumaa.

Shoga yako,
Mama Zai