Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: swali la sangara lililomshinda mwalimu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakusalimu kutoka Nyegezi, Mwanza. Mimi ni mkufunzi mstaafu wa ualimu; chaki nimeiweka chini, mdomo bado.

Mwaka jana nilialikwa kumtazama kijana mmoja akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule ya msingi kando ya Ziwa Victoria. Darasa la tano, sayansi. Andalio la somo safi, zana kazichora mwenyewe kwenye maboksi. Akaeleza vizuri kwamba sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, hata aina nyingi zikatoweka. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, baba ananinunulia sare kwa sangara. Sasa waliomleta walikosea au walipatia?"

Kijana akatazama saa. "Hilo halimo kwenye mtihani." Akafuta ubao.

Baadaye nilimwuliza kama alisoma falsafa ya elimu chuoni. Alisoma, tena alifaulu. Akanitajia udhanifu, uhalisia, Plato, Rousseau, Dewey, kila mmoja na maana yake ya mstari mmoja na nusu, kama mtu anayeita majina ya mahudhurio. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba swali la yule binti ndiyo falsafa yenyewe. Kosa hupimwa kwa nia au kwa yaliyotokea? Na yaliyotokea kwa nani: mvuvi, furu, mla minofu wa Ulaya, au sisi tunaobaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, minofu ikishapandishwa ndege? (Wakufunzi nasi tumo kwenye lawama. Miaka nenda rudi nilitunga mitihani ya "taja na ueleze", kwa sababu ni myepesi kusahihisha.)

Mheshimiwa, hili si la kuagiza ng'ambo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine kisha akatae au arekebishe kadiri ya mahitaji yake. Atajengewaje na mwalimu ambaye chuoni alikaririshwa? Siku ile nilishika fomu ya tathmini: zana zina alama, mwandiko ubaoni una alama, kutunza muda kuna alama. Namna ya kupokea swali la mwanafunzi haikuwa na hata moja. Kumbe kijana alipotazama saa alikuwa anatafuta alama zake, nami simlaumu.

Ninachoomba si kurasa zaidi za falsafa. Itoke kwenye daftari, iende kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila mwanachuo arudi na swali moja la mtoto lililomshinda, aeleze mbele ya wenzake na mkufunzi alilijibuje na kwa nini, wambane, naye apewe alama. Maabara haihitajiki. Muda wa wakufunzi ndio utakaosumbua, na hapo wizara yako italazimika kukuna kichwa.

Kijana yule nilimshauri alirudie swali. Wiki iliyofuata walibishana mpaka kengele ikalia. Jibu halikupatikana, mvulana mmoja tu aliuliza kwa nini mapanki nayo hayapandishwi ndege.

Wako,
Mkufunzi mstaafu, Nyegezi