Mama, sichukui watoto wa watu

Louisville, Kentucky

Mama mpendwa,

Shikamoo. Simu yako ya Jumapili ilininyima usingizi. Uliniambia kuna mama wa mawese, anayetoka upande wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuuliza pale sokoni mbele ya watu kama ni kweli binti yako huku Marekani anafanya kazi na wale wanaowanyang'anya wakimbizi watoto wao. Ulijichekesha, lakini nakujua. Uliumia. Nimeona heri niandike, maana simu hukatika, na jambo hili halitaki kuachwa katikati.

Mimi ni mkalimani, Mama. Mwalimu au daktari wa huku akishuku kwamba mtoto anaumizwa au ametelekezwa, sheria inamlazimisha atoe taarifa. Kisha afisa wa ustawi wa jamii anapiga hodi nyumbani kwa mzazi. Ofisi inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi kumweka mtu kando kwa sababu ya lugha yake. Hilo linatokana na sheria ya haki za raia ya mwaka 1964. Ndiyo maana naitwa. Lakini siitwi kila mara. Mara nyingine mkalimani ni sauti tu kwenye simu, ya mtu asiyeiona hata nyumba inayozungumzwa.

Nikusimulie kisa kimoja. Majina siwezi kuyataja, nimeapa, na mambo mengine nimeyabadili ili wenyewe wasijulikane. Ni mama wa Kikongo aliyekaa Nyarugusu miaka mingi, sasa anafanya kazi zamu ya usiku. Afisa alimuuliza watoto hubaki na nani. Akajibu, "Banabakiaka na yaya." Mkalimani wa kwenye simu alikuwa wa Kiswahili cha pwani, akatafsiri alivyoelewa: mfanyakazi wa kulea watoto. Wewe umefanya biashara na Wakongo tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, huhitaji kuambiwa kwamba yaya kwao ni dada au kaka mkubwa. Afisa akarudi usiku, mfanyakazi hakuna. Kuna binti wa miaka 11 na wadogo zake watatu, mmoja yuko mgongoni. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mama amedanganya. Watoto wakaondolewa usiku uleule, wakapelekwa kwa familia ya malezi ya kambo, watu wema pengine, ila wasiojua hata neno la kumbembelezea mtoto alale.

Kuna sheria ya mwaka 2008 inayoitaka ofisi iwatafute ndugu wazima wa mtoto na kuwajulisha ndani ya siku 30 tangu aondolewe. Walimuuliza yule mama, tena kwa simu: watoto wana shangazi hapa mjini? Akasema hapana. Na ni kweli, baba wa watoto hakuwa na dada huku. Waingereza wana neno moja tu kwa shangazi, mama mdogo, mama mkubwa na mke wa mjomba, na mkalimani akachukua lililomjia kwanza.

Siku nilipoitwa mimi, swali lilikuwa lilelile. Nikaomba ruhusa ya afisa nimweleze kwamba kwetu maneno hayo ni mbalimbali, na kwamba mtoto anaweza kuwa na mama zaidi ya mmoja. Nilimwambia hata mimi mama mdogo wa Kibondo ndiye aliyeninyonyesha wewe ulipolazwa, na hadi leo simwiti kwa jina lingine ila mama. Afisa akaweka kalamu chini, akafikiri, kisha akauliza upya: "Watoto wako wanamwita nani mwingine mama?" Yule mama akanyoosha mkono dirishani. Mdogo wake wa tumbo moja anaishi ng'ambo ya barabara.

Watu wa ofisi wakachukua alama za vidole za mama mdogo, wakakagua vyumba na vitanda. Wiki chache baadaye watoto wakahamia kwake. Kesi bado iko mahakamani, na miezi inahesabiwa. Sheria ya mwaka 1997 inasema mtoto akikaa chini ya serikali miezi 15 kati ya 22, ofisi ipeleke ombi la kuwaondolea wazazi haki zao. Ila inaweza kuacha kufanya hivyo ikiwa mtoto analelewa na ndugu. Unaona basi uzito wa yule mama mdogo ambaye nusura asijulikane.

Usidhani nawaficha watu wetu. Nimetafsiri maneno ya mtoto aliyeunguzwa mikono kwa makusudi, na siku hiyo sikuwa na la kueleza kuhusu mila. Mtoto yule alipaswa kutolewa, nami nilishukuru kwamba kulikuwa na mtu wa kumtoa. Lakini mtoto anayetazama chini akisemeshwa na mtu mzima hafichi kitu, na duara za kuumikwa chuku mgongoni, ile tiba ya pembe, si alama za kipigo. Mtu asipokuwepo wa kusema hivyo, vyote vinaingia faili moja.

Anayenisumbua moyo ni yule binti, yaya. Alidhani kosa ni lake kwa sababu ndiye aliyefungua mlango. Siku walipofika kwa mama mdogo aliniita pembeni, akaniuliza kama bado anaruhusiwa kumbeba mdogo wake mgongoni. Nikampelekea afisa swali lake neno kwa neno. Afisa akachuchumaa, akamjibu kwamba anaruhusiwa, wala hakuwahi kukosea. Nikatafsiri, sauti ikinitetemeka, jambo ambalo mkalimani hatakiwi kulifanya.

Mama, yule wa mawese akija tena, usigombane naye. Mkaribishe uji, umsomee barua hii, na ukifika pale pa yaya soma polepole. Wasalimie wote. Nitapiga Jumapili mkitoka misa.

Binti yako