Jirani akivamiwa akatuita, twende

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji wanaosema kwamba nchi rafiki ikivamiwa, wajibu wetu uishie kwenye kulaani, kupeleka dawa na mahindi, basi. Wanasema damu ya vijana wetu haiwezi kumwagika kwa ugomvi wa watu wengine. Hofu hiyo naielewa. Kijana wangu amemaliza JKT kwa mujibu wa sheria na anataka kuomba jeshi. Hata hivyo siwezi kukubaliana nao.

Baba yangu alikuwa mgambo. Aliondoka kijijini kwetu, wilaya ya Kongwa, mwishoni mwa mwaka 1978, wakati majeshi ya Idi Amin wa Uganda yamekwisha kuvuka mpaka, yameshika ardhi yetu yote ya kaskazini ya Mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Aliporudi hakupenda kusimulia mapigano. Alichosimulia mara kwa mara, mpaka tukawa tunaweza kukimalizia wenyewe, ni habari ya askari mmoja wa Msumbiji. Walikutana huko Kagera kwenye foleni ya chakula, kila mtu na sahani yake ya bati. Yule askari akamuuliza kwa Kiswahili kisicho na shaka, "Ndugu, wewe mwenyeji wa wapi?" Baba akamjibu, Dodoma, Kongwa. Yule bwana akaiweka sahani chini kwenye majani, akamkumbatia. "Kongwa nimelala mimi," akasema. "Yale maji yenu ya chumvi nimeyanywa."

Kwa vijana wasiojua: kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za vyama vya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Samora Machel mwenyewe, aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji, alikuwa kambini pale. Wazee wetu waliwauzia kuku na karanga, na baadhi ya wapiganaji hao walizikwa huko huko. Ilipofika zamu yetu kuvamiwa, Msumbiji ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, maskini, tena yenyewe ikishambuliwa na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith. Samora alituletea kikosi.

Sitaki kukuza mambo. Kikosi kile hakikuamua vita. Jeshi letu, JWTZ, na mgambo wetu ndio waliopigana. Lakini kumbuka wengine walikuwa wanafanya nini. Umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, OAU, haukumlaani mvamizi, ukatuhimiza tupatane naye, wakati watu wetu wamekwisha kuuawa, ng'ombe wao wameswagwa kuvuka mpaka na kiwanda cha sukari cha Kagera kimeporwa. Ukimwona mtu ameacha moto nyumbani kwake akaja kukusaidia kuzima wako, unajua cha kumlipa siku yake ikifika. Nasi tulilipa: miaka ya 1987 na 1988 askari wetu walikuwa Zambezia, Msumbiji, wakisaidia kupambana na waasi wa RENAMO, na tangu mwaka 2021 wapo waliokwenda Cabo Delgado, huko huko Msumbiji.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo watetezi wenzangu hulikwepa. Libya nayo ilileta askari katika vita vile, kumsaidia Amin. Gaddafi, kiongozi wa Libya, naye angeweza kusema rafiki yake amevamiwa, kwa sababu kufikia Januari 1979 majeshi yetu yalikuwa yameteka Mutukula ndani ya Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Katika mkutano wa OAU kule Monrovia Julai mwaka huo, viongozi wengine wa Afrika walitulaumu waziwazi. Mimi naamini haki ilikuwa yetu. Amin alikuwa ametangaza ardhi yetu kuwa ya Uganda, na Mwalimu Nyerere alitaka aifute kauli hiyo na kulipa fidia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Hata hivyo, kumfukuza mvamizi kutoka ardhi iliyovamiwa ni kazi moja, na kumfuata mpaka kwake ni kazi nyingine. Ile ya kwanza rafiki aisaidie bila kusitasita, maadamu ameitwa na serikali ya nchi iliyoonewa. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 51, unatambua haki ya nchi kujilinda peke yake au pamoja na wenzake. Hii ya pili ina bili yake. Kuwait ilipokombolewa kutoka mikononi mwa Iraq Februari 1991, majeshi ya muungano ulioongozwa na Marekani hayakwenda Baghdad. Yalipokwenda Baghdad mwaka 2003 kila mtu aliona yaliyofuata.

Bili yetu naikumbuka. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Ikapita, ikapita na mingine, mama bado anafulia nguo zetu kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni haipatikani, na sukari ikija inapimwa kwa kijiko. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba naandika haya kama mtu asiyejua gharama ya vita.

Linalonikera zaidi ni ahadi za uongo. Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, unasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama lijibiwe mara moja kwa hatua ya pamoja. Ukiendelea kusoma unakuta kila nchi itashiriki kwa namna itakayoona inafaa. Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ambayo watu huitaja kama msahafu, nayo ina mlango huo huo. Mwaka 1994 Ukraine ilikubali kuachia silaha za nyuklia zilizobaki kwake, ikapewa kule Budapest karatasi ya kuihakikishia usalama wake, yenye saini za Marekani, Uingereza na Urusi. Urusi ilipoivamia Februari 2022, waliobaki walitoa silaha na fedha nyingi, lakini askari wa kupigana hawakutoa, wala hawakukubali kulinda anga lake. Sababu yao, yaani kuogopa vita vya nyuklia, si ndogo, na mimi sijui mzazi ambaye angeipuuza. Lakini ilikuwepo tangu siku ile ya kutia saini. Mtu aliyevamiwa anapanga ulinzi wake kwa kuhesabu nani atakuja. Kama huji, mwambie mapema, ajue idadi yake.

Kuna ubaya mwingine, nao ni kwenda nusu nusu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, lilikipa kikosi cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ruhusa ya kupigana mashariki ya Kongo, chini ya kamanda Mtanzania. Kilikuwa na mizinga, helikopta na amri inayoeleweka, na kufikia Novemba waasi wa M23 walikuwa wamesalimu amri. Nchi zile zile tatu zilirudi kule Desemba 2023 chini ya SADC. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23 mbele ya macho yao, askari wakafa, na Machi ikatangazwa kwamba wanarudi. Walikuwa wachache mno kwa kazi waliyopewa. Afadhali wasingepelekwa, au wangepelekwa wa kutosha.

Na hapa ndipo ninapowageukia wabunge, kwa kuwa wanakaa hapa hapa Dodoma. Ibara ya 44 ya Katiba yetu inasema Rais akitangaza vita, nakala ya tangazo iende kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge liitwe liitafakari hali na kuamua kuliunga mkono au la. Lakini ibara hiyo inahusu vita tunavyotangaza. Kikosi kinachokwenda kumsaidia jirani hakitangazi vita, hivyo ibara hiyo haikigusi, ingawa risasi zinazowapata ni zile zile. Mwaka 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kwa siku moja kule Semuliki, mashariki ya Kongo, na wazazi wengi nchini walikuwa hawajui hata jina la mahali pale.

Naomba Bunge litunge utaratibu. Jirani akituita, hoja iletwe bungeni ndani ya siku hizo hizo 14: nani ametuita, tunakwenda na askari wangapi, tunaishia wapi, na tunarudi lini. Wakijibu hayo na kijana wangu akachaguliwa, nitampeleka stendi mwenyewe.

Mwalimu wa sekondari,
Kongwa, Dodoma